Sikupona kwa Kuchomewa Vitabu

Katika makambi ya kanisa letu mwaka jana, kule Nyaramba, nilikaa nyuma kabisa karibu na akina mama waliokuwa wakipika, nikamsikia mwanamke nisiyemjua akisimulia jinsi nilivyopona. Hakunitaja jina. Alisema kuna mwalimu mmoja wa upande wa Gesima aliyekuwa amefungwa na kansa kupitia vitabu vya kichawi alivyovificha chini ya mto, akina mama wa maombi wakaviteketeza, na tangu siku hiyo uvimbe ukayeyuka. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa na kikombe cha uji mkononi, na nilishikwa na hasira hadi uji ukanimwagikia magotini.

Mwalimu huyo ni mimi. Vitabu vyenyewe vilikuwa katuni. Uvimbe uliyeyushwa na dripu kumi na moja, na zingekuwa nane tu kama watu wangeniacha niugue kwa amani. Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyejipapasa shingo au titi ukakuta kitu, na ambaye jirani mwenye nia njema amekwisha kukwambia cha kuchoma. Nisikilize mimi kwanza. Ukimaliza, kamsikilize na yeye ukitaka.

Uvimbe wangu ulitokea chini ya taya, upande wa kushoto, wakati tunapanda mahindi. Nilidhani ni jino. Mume wangu, Baba Moraa, alisema ni baridi ya asubuhi, nivae skafu. Mahindi yalipokuwa tayari kuchomwa, uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa yai, na nilikuwa nalowesha shuka kwa jasho kila nikilala. Huko hospitali Kisii walinikata kipande cha nyama shingoni wakakipeleka maabara, halafu nikaanza kazi mpya ya kukaa kwenye benchi.

Hakuna aliyenieleza habari za benchi. Nilidhani kuugua ni kulala kitandani. Kumbe ni kukaa wima tangu saa kumi na mbili asubuhi na bahasha ya kaki magotini, ukitazama mlango. Watu pale hawaulizani ugonjwa. Wanaulizana wametoka wapi, na kama kwao pia mvua ya mawe imepiga majani ya chai. Ukisema Gesima, mtu anatikisa kichwa kwa huruma, na hapo mnakuwa mmejuana.

Siku niliyopewa majibu, daktari aliniambia dripu nane, moja kila wiki tatu, nisiruke hata moja. Nilitoka, mvua ikanikuta mjini, nikajikinga katika duka la vitabu ambako shule yetu hununua chaki. Mwenyewe ni Mzee Kanti, Mhindi aliyezaliwa hapa Kisii na anayeongea Kigusii kizuri kuliko watoto wangu. Aliiona bahasha yangu, hakuuliza kitu. Akanisogezea kigoda. Karibu na miguu yangu kulikuwa na katoni iliyojaa komiki za Kiingereza, nikachukua ya juu ili nisilie mbele ya watu.

Jalada lote lilikuwa jeusi. Chini kabisa, pembeni, kulikuwa na mwanamke mdogo kama punje ya wimbi, amebeba kaa la moto kiganjani. Juu yake hapakuwa na kitu. Mchoraji alikuwa ameiacha karatasi nzima iwe giza, akaamini kwamba nitamtafuta huyo mwanamke mpaka nimpate. Nikampata, na nikasahau mvua.

"Hizo ni za binti yangu," Mzee Kanti alisema. "Alienda ng'ambo akaziacha. Chukua tatu, mwalimu. Ukimaliza urudishe, uchukue zingine."

Kisa chenyewe ni rahisi kukisimulia. Jua la kwao huyo mwanamke limezimika. Kaa la mwisho amelichukua kwa mkono mtupu, na anapita nalo katika milango ya anga akitafuta mahali pa kulipanda ili liwake upya. Jina lake la Kiingereza ni refu, mimi nilimwita Mbebaji. Akilishika kaa ana nguvu za kupasua milima, lakini kila akizitumia, kaa linapungua. Nyuma yake linakuja jitu lenye ukubwa wa kundi la nyota, halina mdomo, linaitwa Kimya. Kimya akizungumza, viputo vya maneno vinachorwa vitupu. Vyeupe, bila herufi hata moja. Nimefundisha insha miaka kumi na sita, na sijaona mwandishi mwingine aliyenitisha kwa kutoandika neno.

Sikuwa najua kwamba katuni inaweza kuwa na akili namna hiyo. Mistari ya karibu ilikuwa minene ya wino, na kadiri unavyokwenda mbali inakuwa myembamba hadi inakatika yenyewe, ndipo unahisi umbali tumboni. Mbebaji alipoanza kusahau jina la mama yake, mchoraji aliondoa mipaka ya fremu kimyakimya, picha zikaanza kumwagikiana. Kuna mahali kurasa mbili zinafunguka kuwa picha moja, sayari inapasuka, na unatakiwa kukigeuza kitabu kikae upande. Nilikigeuza nikiwa kwenye dripu, mpira ukavutika, nesi akanigombeza. Nilimwonyesha ile picha. Aliitazama kidogo, akasema, "Haki, huyu mtu alikaa chini akachora," kisha akanifunga plasta upya.

Toleo ninalolipenda kuliko yote halina vita. Mbebaji anafika kwenye mlango wa anga na kukuta foleni. Viumbe wa kila namna, wenye mikia, wenye macho sita, wote wameketi na mizigo yao wakingoja waitwe. Kurasa zote ishirini anangoja. Ana nguvu za kuupasua mlango huo, na anajua akiupasua kaa litazimika, kwa hiyo anakaa. Nilisoma hilo nikiwa nimekaa tangu alfajiri, nikacheka peke yangu hadi watu wa benchi wakaniangalia. Mwandishi aliyetunga hilo alijua kitu ambacho wageni wangu wote wenye Biblia na mikungu ya ndizi hawakukijua. Hakuna nguvu kubwa kuliko ya kukaa kwenye foleni wakati unaweza kuondoka.

Na bado walinicheka. "Mwalimu, umerudi darasa la tatu?" mwenzangu wa shuleni aliniuliza. Baba Moraa alinisikiliza siku moja ya manyunyu nikimsimulia kisa kizima, akacheka akauliza kama Mbebaji ana mume. Mtu mzima anaruhusiwa kupoteza siku akitazama watu ishirini na wawili wakifukuza mpira. Akishika kitabu chenye picha, na hasa akiwa mwanamke mgonjwa, ameanza kuchanganyikiwa.

Aliyenielewa alikuwa mzee mmoja wa Nyansiongo, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwenye ugonjwa wa koo. Hakuweza kusema. Viti vyetu vya dripu vilikuwa vinapakana, nikawa naweka kitabu katikati, na yeye anagonga kidole ukifika wakati wa kufungua ukurasa. Alisoma polepole sana, nami nikajifunza kupunguza haraka. Ndiye aliyenionyesha, katika ile foleni ya anga, kiumbe mdogo pembeni aliyejifanya amelala huku akimfunika mtoto wake kwa mkia asionekane na walinzi. Mimi nilikuwa nimempita mara mbili. Dripu ya nne mzee hakuja. Binti yake aliniambia amehamishiwa hospitali ya mbali, na nikampa salamu za kumpelekea baba yake kwa kugonga kidole changu mkononi mwake.

Mwilini mambo yalikuwa hivi. Nywele zilitoka baada ya dripu ya kwanza, zote katika siku tatu, nikazikusanya kwenye karatasi kama mtu anayefagia. Kucha zikawa nyeusi. Mshipa wa mkono wa kulia ulikauka kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo, nikashindwa kuinua chaki. Chinsaga, mboga yetu ambayo nimekula tangu utotoni, ilininukia chuma. Mama mkwe alinipikia ugali wa wimbi mwepesi na akafua mashuka yangu kila siku bila kunung'unika, na sitaki msomaji amwone kama mtu mbaya. Lakini vile vitabu alivipita kwa mbali. Akifagia chumba, alifagia kuvizunguka.

Ijumaa baada ya dripu ya tano, akina mama wa maombi walikuja kuniona, mchana, kabla ya maandalizi ya Sabato. Aliyewaongoza ni jirani yetu Mama Okemwa, ambaye huchuma chai na mama mkwe wangu. Waliimba sebuleni. Mimi nilikuwa chumbani nimelala, dawa imenizidi. Mama Okemwa aliingia kunirekebishia mto, na hilo naliamini, nia yake ilikuwa ni mto. Chini yake akakuta komiki tatu.

Sasa msomaji ambaye si wa kwetu lazima aelewe alichokiona. Kila mtoto wa Kisii amesimuliwa habari za omorogi, mchawi anayekimbia gizani na moto mkononi, unawaka na kufifia, unawaka na kufifia. Na hapo kwenye jalada la komiki ya juu kuna mwanamke, safari hii amechorwa kwa karibu, giza limemzunguka pande zote, ana moto kiganjani, na mkono umekuwa mweusi hadi kiwikoni. Mama Okemwa hasomi Kiingereza. Picha ilimtosha.

Niliamshwa na harufu. Nilitoka nikishika ukuta, nikawakuta nyuma ya jikoni, pembeni mwa migomba. Karatasi zile zinazong'aa huwaka kwa rangi, kijani na buluu, na kwa aibu yangu nilifikiri kwanza kwamba ni nzuri.

"Mnafanya nini?"

Mama mkwe alinishika kiunoni. "Rudi ndani, Mama Moraa. Upepo huu si mzuri kwako."

Mama Okemwa alikuwa na kijiti, anageuza kurasa ziungue vizuri. "Tumeona kilichokuwa kinakula mwili wako," aliniambia. "Usiogope. Kimeisha."

"Kadi yangu iko wapi?"

Walitazamana. Kadi ya kliniki, majibu ya maabara na karatasi ya daktari yenye hesabu ya dawa, vyote nilikuwa nimevitia katikati ya komiki moja ili visikunjike. Nikawaeleza. Mmoja wao akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hospitali wataandika tu karatasi zingine. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi. Yeye alijua vitabu vile ni nini, kwa sababu nilimsimulia mwenyewe. Hakufungua mdomo wakati vinachomwa, wala wakati nalia. Tumelizungumza tangu wakati huo, ameomba msamaha, na nimemsamehe kiasi. Nimeambiwa na watu wa kanisani kwamba hakuna kusamehe kiasi. Kupo.

Wiki tatu zilipotimia, Jumanne, nilikwenda kupokea dripu ya sita.

"Mama, kadi?" karani aliniuliza.

"Imechomwa."

"Imechomwa na nani?"

"Na watu wa maombi."

Alicheka, akidhani namtania. Aliponitazama vizuri akaacha. Alitafuta faili langu, halikuonekana, na bila karatasi ya hesabu hakuna mtu angenitundikia dawa kwa kukisia, na hawakukosea. Nirudi Alhamisi. Nirudi Jumatatu. Maabara wanatafuta majibu ya zamani. Daktari yuko likizo. Zilipita wiki tano. Katika wiki ya tano, nikioga kwa beseni, vidole vyangu vilikuta kitu chini ya taya, kidogo, kama punje ya njegere. Nilikaa chini kwenye sementi yenye maji nikalia. Sikulia kwa kuogopa kufa. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye foleni yangu vizuri, bila kuruka, na watu walionipenda walikuja wakanitoa.

Faili lilipopatikana, daktari alipiga hesabu upya. Dripu nane zikawa kumi na moja. Zile tatu za nyongeza ndizo zilizonichukulia hisia za vidole vya miguu. Hadi leo nikitembea bila viatu, vidole viwili vya mguu wa kushoto havijui kama nimekanyaga nyasi au jiwe.

Kwa Mzee Kanti nilikwenda na maneno niliyoyapanga wiki nzima. Nikamwambia vitabu vya binti yake vimeungua na karatasi zangu zimeungua humo. Alifuta meza kwa kitambaa, akaifuta tena.

"Dripu ulipata?" akauliza.

"Nimeanza tena."

"Basi binti yangu atanigombeza mimi. Wewe gombana na watu wa kadi." Akaisukuma katoni kwa mguu hadi kwangu. "Beba zote. Hapa zinaliwa na panya."

Nilimaliza dripu ya kumi na moja mvua za masika zikiwa zimekolea, mahindi ya majirani yakiwa yamefika gotini. Picha za shingo zikawa safi. Ndipo nikaenda makambi na kusikia nilivyopona.

Wiki mbili baadaye mzee wa kanisa alikuja nyumbani kuniomba nitoe ushuhuda. "Na vile vitabu uvitaje, mwalimu," alisema. "Watu wanafunguliwa wakisikia." Nilimjibu nitafikiria, nikimaanisha hapana. Jioni hiyo tulikuwa tunaambua maharagwe na mama mkwe, akaniambia, bila kuinua macho, kwamba Mama Okemwa ana uvimbe kwenye titi.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno. Anafunga na leso. Amechoma nguo za marehemu dada yake, na sasa anafunga kula. Anasema wewe uliponywa na ule moto, si hospitali."

Nilitaka kuhuzunika. Ukweli ni kwamba, kwa muda wa kuambua ganda moja, nilifurahi. Halafu nikahesabu miezi tangu mavuno, na furaha ikaisha, na hasira iliyokuja badala yake ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Mama yule alikuwa anakufa kwa ajili ya hadithi aliyoitunga yeye mwenyewe juu yangu, na mimi kwa kukaa kimya nilikuwa namsaidia kuiamini. Nikamtumia mzee wa kanisa ujumbe kwamba nitasimama.

Sabato ile nilivua kitambaa mbele ya watu wote, wakaona nywele zangu fupi na kovu la shingoni. Mama Okemwa alikuwa benchi la tatu.

"Mmeambiwa nilipona kwa kuchomewa vitabu," nilisema. "Vile vilikuwa vitabu vya picha. Vinasimulia mwanamke anayebeba moto ili watu wasikae gizani. Havikuniua, wala havikuniponya. Vilinisaidia kukaa kwenye kiti hadi dawa iishe, na mtu akikaa kwenye kiti hadi dawa iishe, huo ni msaada mkubwa. Nilitundikiwa dripu kumi na moja. Nane nilipewa na daktari. Tatu mlinipa nyinyi, kwa sababu mlichoma kadi yangu. Mungu namshukuru, na yeye anajua ninamshukuru kwa nini. Lakini hakutumia kiberiti chenu. Kama kuna mtu humu ndani ana uvimbe na anangoja uyeyuke kama wangu, wangu haukuyeyuka hivyo. Aende."

Hakuna aliyesema amina. Mzee wa kanisa alikohoa akaanzisha wimbo, na watu wakasimama. Niliporudi mahali pangu, mama mkwe alikuwa bado ameketi, haimbi, ameshika mkoba wangu.

Jumatatu asubuhi Mama Okemwa alikuwa langoni kwetu. Hakusalimu, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

"Huko wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili. Lakini foleni inaanza kumi na mbili."

Jumanne tulikuwa kwenye benchi kabla ya watu wengi, yeye na bahasha yake mpya, mimi na komiki yangu. Niliileta kwa ajili yangu. Nilihitaji mahali pa kuweka macho. Baada ya muda nikahisi ameinamia ukurasa.

"Anakimbia wapi na huo moto?"

"Anatafuta mahali pa kuupanda. Kwao jua lilizimika."

Alitazama sana. Aligusa ule mkono mweusi kwa ncha ya kidole, kisha akauondoa upesi. "Na mkono?"

"Umeungua kwa kubeba."

Wauguzi walipita na kitoroli. Mtoto mahali fulani alikuwa akilia. Mama Okemwa alikaza leso yake kifuani.

"Uliniona mjinga," akasema.

"Nilikuona mjinga. Na bado nina hasira na wewe, Mama Okemwa, sidhani itaisha leo. Inuka, wameita jina lako."